Mbuzi Aliyeingia Kwenye Faili

Tangu nilipoacha kazi, kila asubuhi naamka bado na haraka ya bure. Naoga, navaa, natafuta mkoba, kisha nakumbuka kwamba hakuna mtu anayenisubiri kasho ya polisi. Basi nimeona haraka hiyo niitumie kuwaandikia ninyi mnaoanza, mnaosimama sasa katika ile korido ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, niliyosimama mimi mpaka wageni wakadhani nilijengwa pamoja na ukuta. Sitawaeleza nilivyopanda cheo wala nilicholipwa. Habari ya kwanza ni fupi mno, na ya pili inasikitisha.

Nilikuwa mtetezi wa mahakamani, défenseur, kama walivyotuita. Mawakili waliosoma chuo kikuu walikuwa wachache sana Goma miaka ile, na wengi wao walikuja kwa kesi moja kisha wakarudi Bukavu au Kisangani. Sisi watetezi ndio tuliobaki na watu wetu. Nchi ilikuwa Zaïre, wanaume walivaa abakosti, ile suti ya taifa isiyo na tai, na kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, hata mwizi. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu karani akiita, kwa heshima zote, citoyen mwizi wa kuku asimame.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa kitenge kizuri na viatu vya kisigino. Mnayajua mawe ya volkano ya mji wetu. Kutoka mtaa wa Birere mpaka parke visigino vyote viwili vilikuwa vimekwisha, nikaingia kazini nikichechemea kama mshtakiwa aliyepigwa. Tangu siku hiyo nilitembea na kandambili za mpira wa gari, viatu nikavibeba mkobani, nikavivaa mlangoni. Joho nalo lilikuwa la zamani la mzee aliyenifundisha kazi, mtu mrefu sana, na mimi nina kimo cha kawaida. Nilikunja upindo nikaubana kwa pini, na kwa mwaka mzima nilitetea watu huku nachomwa miguuni.

Mzee huyo aliitwa Kambale. Alitoka Butembo kama wazazi wangu, aliamkia misa kila siku, na kutoka misani alikwenda moja kwa moja kasho, yaani kile chumba cha polisi wanakofungia watu kabla ya kuwapeleka kwa mwendesha mashtaka. Wengine walianza na faili. Yeye alikataa. Aliniambia hivi: “Faili haiko mutu, mama. Anza ku mutu.” Mbele ya kila mfungwa aliuliza maswali matatu, na hakuwahi kuyabadilishia mpangilio. Umekula? Nani kwenu anajua kwamba uko hapa? Umetia sahihi au kidole kwenye nini? Mimi niliona swali la tatu ndilo lingetangulia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwenye njaa hasikii sheria, na asiyejulikana aliko anakubali lolote ili apate wa kuongea naye. Kwa hiyo mkobani, karibu na kitabu cha sheria, palikuwa na mkate na ndizi. Mlinzi wa mlango alichukua fungu lake kwanza. Hilo halimo katika kitabu chochote, lakini lilikuwa sheria iliyofuatwa kuliko zote.

Mtu akishamaliza kula, Muzee Kambale alimweleza polepole, kwa Kiswahili, kwa Kinande au kwa Kihunde kidogo alichokijua. Polisi hawana ruhusa ya kukushika wapendavyo. Wana masaa arobaini na nane, kisha wakufikishe kwa mwendesha mashtaka au wakuache. Yeye akitaka ubaki ndani, lazima jaji akuangalie, katika kikao cha faragha, na hapo una haki ya kuwa na wa kukusemea. Mshtakiwa haapi. Kunyamaza si utovu wa adabu. Na kile wanachokiita pe-ve, karatasi ya maneno yako, lazima usomewe katika lugha unayoisikia kabla ya kuigusa. Usipokubaliana nayo, kataa, nao waandike kwamba umekataa na sababu yake.

Sasa msicheke. Najua, na yeye alijua, kwamba masaa ya Zaïre yalivutika kama unga wa mandazi. Ndiyo maana alikwenda kuyahesabu kwa sauti. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa inspekta, akavua kofia na kuuliza kwa upole mtu wake ameamkaje. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Hakufoka hata mara moja. Nimeona mainspekta wakimfikisha mtu mbele ya sheria kwa sababu tu walichoka kusalimiwa.

Kosa kubwa la watu wetu, tangu siku hizo hadi leo, ni kudhani kwamba kidole ndicho nauli ya kurudi nyumbani. Weka kidole hapa, papa, uende zako. Katika miaka yote ya kazi yangu sijaona kidole kilichompeleka mtu nyumbani. Nimeona vingi vilivyowapeleka gereza kuu. Kimoja ndicho kilichonifundisha kazi kuliko vingine vyote, na hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Miguu ya Muzee Kambale ilikuwa imeanza kumkatalia, akawa ananiachia kesi zilizohitaji kutembea. Siku moja waliletwa watu kutoka njia ya Masisi, na kati yao alikuwamo kijana mkulima aitwaye Bauma, wa kwenye mlima ulio juu ya Sake. Aliwahi kugombana na jirani yake, Mishiki, kwa sababu ya kijito kilichohama baada ya mvua na kuchukua mpaka wa mashamba yao. Waligombana mbele za watu, penye kasiksi, ile pombe ya ndizi, na Bauma akatamka yale maneno ambayo kila mlevi huyatamka: tutaonana. Kesho yake asubuhi Mishiki alikutwa amekufa chini ya mteremko, kichwa juu ya jiwe. Bauma walimkamatia kwenye maziko. Alikuwa ameshika koleo, anasaidia kufukia.

Nilimkuta ametulia kupita kiasi. Wenzake walilia au walitukana, yeye aliketi kama mtu anayengoja zamu yake kwa mganga. Alikula mkate. Akasema baba yake anajua yuko wapi. Nikamuuliza kuhusu kidole. Akajibu ndiyo, alitia, kule kule kwenye posti ya polisi. Walimsomea? Walimsomea, kwa Kifaransa. Yeye Kifaransa alijua bonjour na pantalon. Nikamuuliza basi walimwambia karatasi inasema nini. Walimwambia inasema kwamba baba yake alipeleka mbuzi kwa wafiwa, na kwa kuwa hilo ni kweli, alitia kidole. Kisha akanituliza, mimi.

“Mbuzi balishaipokea, Mama,” alisema. “Mambo ilikwisha. Njo maana nangojea banifungulie.”

Nilikwenda kusoma faili. Iliandikwa kwamba familia ya mshtakiwa, ikikiri kitendo, ilitoa mbuzi kuwa fidia ya marehemu, na kwamba mshtakiwa mwenyewe anathibitisha. Mwisho palikuwa na kidole chake, kizuri, cheusi, hakikuteleza hata kidogo. Shtaka lilikuwa la kuua kwa makusudi, na adhabu ya kosa hilo miaka ile ilikuwa kifo. Nilifunga faili. Yule kijana alikuwa anangoja kufunguliwa, na karatasi ilikuwa inamngoja yeye.

Katika kikao cha faragha nilieleza kwamba hakusomewa kwa lugha yake. Jaji alisikiliza vizuri, akaniuliza kama mshtakiwa anakana habari ya mbuzi. Nikamgeukia Bauma. Akasema hawezi kumfanya baba yake mwongo. Basi alipelekwa gereza kuu, na kila muda wake ulipokwisha nilikwenda kuomba aachiwe, na kila mara nilijibiwa kwa yule mbuzi. Mnyama mwenyewe alikwisha kuliwa zamani, lakini kwenye faili alikuwa bado analia.

Nilipanda kwenda kwao. Lori la makabichi lilinifikisha Sake, kilichobaki nilikipanda kwa kandambili zangu. Baba yake, Papa Batachoka, alinipokea kwa maziwa na hakutaka kuongea. Nilikaa mpaka akaongea. Kwao, mtu akifa akiwa na ugomvi na mtoto wako, hata kama mtoto wako hakumgusa, unapeleka mbuzi kabla ya kaburi kufukiwa, ili ugomvi usizikwe pamoja naye ukaja kuota kwa wajukuu. Ni mbuzi wa kufunga maneno. Damu ni jambo jingine: damu ni ng'ombe, tena analetwa na wazee wa pande zote mbili, na hakuna mtu wa nyumba ya marehemu anayeonja nyama yake.

Nikamwambia aje ayaseme hayo tribinali, mbele ya mahakama, maneno hayo hayo. Akatikisa kichwa. Mbuzi huyo akishapokelewa, aliyemtoa hamtaji tena mbele za watu. Kumtaja ni kama kumdai, ni kufukua ugomvi kwa mikono yako. Anayeweza kumtaja ni aliyempokea tu. Ndiyo maana Bauma naye alikuwa anameza ulimi mbele ya jaji, na polisi, aliyetoka mbali, aliona kimya chote hicho akakiandika kuwa ni kukiri.

Nilikasirika. Nilimwambia mzee wa watu kwamba mtoto wake ataponzwa na adabu, kwamba mti watakaomnyongea hautauliza nani alimpokea mbuzi. Alilia, na mimi niliona haya, nikalia naye kidogo. Lakini mdomo haukufunguka.

Aliyempokea mbuzi alikuwa mama wa marehemu, bibi kizee aliyeitwa Koko Kahindo. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa kijito kile kile. Nilimkuta anapepeta maharage, pamoja na wajukuu zake watatu, wasichana, watoto wa Mishiki. Nawaambia ninyi vijana: kumwendea mama wa mtu aliyekufa, ukiwa mtetezi wa anayesemekana alimuua, hakuna joho linalokusaidia. Sikubeba zawadi, maana shahidi aliyepewa hata sukari huharibika. Nilimwambia mimi ni wa upande wa Bauma, na kwamba hana deni lolote kwangu. Nilimwambia pia kwamba ninaweza kuomba tribinali imwite kwa karatasi, lakini sitaki mama mwenye msiba aletwe na askari jandarme.

Hakukasirika. Alinipa viazi vitamu, akauliza watamuuliza nini. Sikumficha. Watauliza habari ya mbuzi, nikasema, na wakishaelewa mbuzi hakuwa wa damu, watauliza basi mtoto wako alikufaje. Aliacha kupepeta. Akawatuma wajukuu kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

“Ya mbuzi haiko nguvu,” alisema. “Ile ingine njo iko na uzito.”

Zaidi ya hapo hakusema. Niliteremka mlima bila kuelewa na bila ahadi. Muzee Kambale, miguu yake kwenye beseni la maji ya moto, alinishauri niandike jina la bibi yule kati ya mashahidi wa utetezi, kwa kuwa mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi wake wasikilizwe, lakini nisiombe aletwe kwa nguvu. Nimpelekee tarehe kupitia katekista, basi. Nikauliza itakuwaje asipokuja. Akanijibu kwamba asipokuja tutatetea na tulichonacho. Tulichokuwa nacho, tukisema ukweli, kilikuwa joho lenye pini na sauti yangu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Watu wa mlima walikuwa wameshuka, wengine kwa ajili ya Bauma, wengine kwa ajili ya marehemu, na wengine kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Mwendesha mashtaka alisoma maneno ya mbuzi kwa utulivu. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi na karatasi aliyoletewa, na karatasi hiyo ilikuwa na kidole. Papa Batachoka aliketi mbele, kofia magotini, ameinama. Nilikuwa nimesimama kuanza maneno yangu wakati Koko Kahindo alipoingia, ameshikwa mkono na mjukuu wake mkubwa, Furaha, msichana mkubwa aliyekwisha maliza shule. Viatu vyao vilikuwa na matope ya njia nzima.

Nilikuwa nimeomba mkalimani aliyeapishwa, na Koko alianza kwa Kihunde, kisha akamwacha mkalimani kando akasema Kiswahili, ili wote wamsikie. Rais wa tribinali, yaani jaji aliyeongoza kikao, alimuuliza kama ni kweli alipewa mbuzi na familia ya mshtakiwa. Ni kweli, akasema. Kuwa fidia ya mtoto wake?

“Ile mbuzi nilikula miye,” alijibu. “Ingekuwa ya damu ya mutoto wangu, ningekula?”

Watu wa mlima waliitikia kwa vichwa, maana kwao hapakuwa na la kuongeza. Rais aliuliza maana yake, naye akaeleza desturi yote, ya mbuzi na ya ng'ombe, kama mtu anayeeleza namna ya kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikadhani tumemaliza. Lakini mwendesha mashtaka alisimama, na aliuliza lile ambalo na mimi ningeuliza kama ningekuwa yeye. Kwa heshima, mama, basi mtoto wako alikufaje?

Koko alimtazama Furaha. Yule msichana alielewa kabla yetu sote. Niliona akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa ruhusa.

“Mutoto wangu alikuwaka na kifafa,” Koko alisema. “Tangu utoto wake. Tulificha, juu ya bale babinti.”

Kwa asiyetoka huku, lazima nieleze. Kwenye milima yetu nyumba yenye kifafa haipigwi hodi na mposaji. Watu huamini kinatembea katika damu, wengine huogopa hata kukanyaga mate ya mgonjwa. Bibi yule alikuwa amemficha mtoto wake tangu utotoni, akamwoza, akamwangalia usiku na mchana, na baada ya kifo akaosha maiti yeye mwenyewe ili mtu asiuone ulimi aliokuwa ameung'ata kifafa kilipomwangusha. Watu wangesema aliuawa, naye angenyamaza, na wajukuu wake wangeolewa. Alikuwa amepata maelezo mazuri ya kifo cha mwanawe, na kilichotakiwa ni kumwachia Bauma ayalipe. Alisema hivyo waziwazi. Alisema alijaribu, na hakulala.

Rais aliuliza nani mwingine anajua. Akamtaja muuguzi wa zahanati ya misioni, aliyekuwa akimpa Mishiki vidonge kwa siri. Kesi iliahirishwa, muuguzi akaja akasema hayo hayo chini ya kiapo. Mwendesha mashtaka mwenyewe, na hilo nalikumbuka kwa heshima, alisema hana tena cha kuomba. Bauma aliachiliwa huru.

Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, naye akanigeukia akanong'ona atie kidole wapi. Nilimwambia leo hakuna kidole, aende nyumbani. Hakuamini mpaka mlinzi alipomsukuma kidogo mgongoni.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilitoka nje nikitafuta mtu wa kumpongeza, nikaona kilichokuwa uani. Watu wa mlima walikuwa wamesimama vikundi vikundi, wakiongea, na katikati yao palikuwa na nafasi tupu. Ndani ya nafasi hiyo alisimama Koko Kahindo na Furaha. Hakuna aliyewatukana. Hakuna aliyewasogelea pia. Wanawake wa kwao waliokuwa wameshuka siku ya kwanza walikuwa sasa wanatazama kwingine. Shangwe yangu yote iliisha. Nilikuwa nimemtoa mtu mmoja gerezani na kuingiza wasichana watatu mahali pengine, na hapo hakuna rufaa.

Bauma alitoka. Baba yake alikuwa mlangoni, na sote tuligeuka kutazama watakavyokumbatiana. Mzee alimgusa bega mtoto wake, akampita. Alitembea mpaka ndani ya ile nafasi tupu, karibu kabisa na yule bibi, akavua kofia. Na mtu yule ambaye nilishindwa kumfungua mdomo kwa siku nzima alisema kwa sauti iliyofika barabarani.

“Koko, niko na mutoto wa pili, Bahati. Haana bibi, hajaoa. Nakuja kuomba Furaha, kama ye mwenyewe anapenda.”

Koko Kahindo alimshika mkono, lakini alikuwa mwanamke wa adabu zake.

“Mambo ya kuoa bibi habaiombake ku tribinali,” alisema. “Mukuye ku nyumba.”

Ndipo Furaha, ambaye hatukuwa tumemsikia sauti tangu aje Goma, akainua uso.

“Na akuye ye mwenyewe,” alisema. “Asitume papa yake.”

Alikuja mwenyewe. Nami nilialikwa arusini, na waliponiuliza nitaketi wapi, Koko Kahindo alinishika mkono akaniketisha upande wa wazazi wa bibi-arusi, mahali ambapo angeketi Mishiki.